Malengo Yetu Ugenini na Upole kwa Nafsi



Kila uingiapo mwezi wa Januari, wengi wetu hapa Doornfontein hujiwekea ahadi nzito: mwaka huu nitapata kazi ya taaluma yangu, nitajenga nyumbani, nitamleta mke wangu. Ifikapo Juni ahadi imekwisha kuwa deni, na mwenye deni huanza kujificha. Huacha hata kupokea simu za nyumbani. Tumewaona wengi wa namna hii, ndiyo maana tunaandika.

Tuanze na swali ambalo hatuulizani: lengo hilo ni la nani? Lengo la kurudi na gari mara nyingi ni la mjomba na majirani, nalo humlemea mtu kwa kuwa halikutoka moyoni mwake. Tumfikirie mwalimu aliyetoka Bukavu, ambaye leo analinda magari karibu na uwanja wa Ellis Park. Atakalo ni kusimama tena mbele ya ubao. Hilo ni lake. Lakini likiachwa lilivyo, ni mlima. Stashahada yake ya Kifaransa yapasa itafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa, ipelekwe SAQA, mamlaka inayopima vyeti vya nje, kisha aombe kuandikishwa SACE, baraza la walimu. Kila hatua ina ada yake na kungoja kwake. Kasi ya ofisi haimo mikononi mwake. Kupeleka karatasi kwa mfasiri kumo. Basi lengo la mwezi huu liwe hilo moja tu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba mtu akitaja mapema wakati na mahali pa kutenda, huelekea zaidi kutenda kweli. "Jumamosi nikitoka zamu nitapita kwa mfasiri" ina nguvu kuliko "nitashughulikia vyeti".

Na Jumamosi ikipita bila kwenda? Hapo ndipo wengi hujitukana. Lugha yetu yenyewe hututega, maana neno "kujihurumia" huleta picha ya mtu aliyeketi akijililia. Kristin Neff, msomi wa Marekani aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 2003, alikusudia jingine: kujisemesha kwa wema kama umsemeshavyo rafiki, kukumbuka kuwa kushindwa ni kwa wanadamu wote, na kuyatazama maumivu pasipo kuyakuza wala kuyaficha. Wapo watakaouita huo ulegevu. Lakini mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha majaribio yao. Katika mojawapo, wanafunzi waliofanya vibaya katika mtihani mgumu, kisha wakahimizwa kujitendea kwa upole, walijisomea kwa muda mrefu zaidi kabla ya mtihani wa pili kuliko wenzao.

Hatusemi kwamba upole hulipa kodi ya chumba, wala kwamba hufupisha foleni ya vibali.

Mtaa huu wenyewe umeona subira nyingi. Wayahudi waliotoka Lithuania mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye, wengi wao wakiwa maskini, walikaa hapa kandokando ya barabara ya Beit. Sinagogi lao la mwaka 1906, lenye simba mlangoni, lingali limesimama. Wengi walihamia Yeoville baadaye. Kwa miguu si mbali, lakini kwa familia nyingine ilikuwa safari ya miaka.

Kuhusu ile simu ya nyumbani, ushauri wetu ni kuipokea, na kusema lililofanyika badala ya lililokosekana: "Mama, shikamoo. Mwezi huu fedha ni kidogo. Vyeti vyangu vimeshafika kwa mfasiri, nimeambiwa nivifuate Alhamisi."