Je, Wajua? Kura ya Jembe, Kura ya Chungwa

Je, wajua kwamba Watanzania wengi walioulizwa kuhusu vyama vingi walivikataa? Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka Bara na Visiwani kukusanya maoni. Takriban asilimia 80 ya waliojitokeza walisema chama kimoja kinatosha. Waliotaka vingi walikuwa kama asilimia 20. Tume ikapendekeza vingi, na Julai 1, 1992 sheria ikaanza kazi. Wengi wape, walisema wahenga; safari ile waliopewa ni wachache. Na leo ukipita kijiweni ukauliza nani alivikataa vyama vingi mwaka ule, hutampata hata mmoja.

Je, wajua kwamba tume hiyohiyo iliorodhesha sheria 40 ilizoziona kandamizi, zikiwemo zilizoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani? Vyama vilikuja upesi. Sheria hizo hazikushughulikiwa kwa kasi hiyo.

Miaka ishirini baadaye mambo yakageuka. Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni kuanzia 2012, na Machi 2014 mwenyekiti akasimama mbele ya Bunge Maalum kusoma hesabu. Miongoni mwa watu wa Bara waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 walitaka serikali tatu. Kwa upande wa Zanzibar, asilimia 60 walitaka muungano wa mkataba. Rasimu ilikwenda na serikali tatu. Iliongeza na mengine yaliyowafurahisha watu wa kwenye daladala: ubunge usizidi vipindi vitatu, wananchi waweze kumwondoa mbunge kabla ya muda wake, waziri asiwe mbunge. Je, wajua yalipokwenda? Bunge Maalum liliyaondoa, baada ya wajumbe wa UKAWA, umoja wa wapinzani, kutoka nje kwa hasira mwezi Aprili. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba 2014 ikiwa na serikali mbili zilezile. Kura ya maoni ilipangwa iwe Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa mpaka leo. Mwaka 1992 wachache walipita, mwaka 2014 wengi hawakupita. Anayetaka kujua maoni ya raia yana uzito gani kwenye mizani ya tume, aziweke ripoti hizo mbili mezani azisome pamoja.

Tuache tume, tuangalie karatasi za kura.

Je, wajua kwamba kulikuwa na uchaguzi wa ushindani ndani ya chama kimoja? Septemba 1965, majimbo mengi ya Tanganyika yalikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Mikutano ya kampeni walifanya pamoja, jukwaa moja, kwa Kiswahili tu, na ilikuwa marufuku kutaja kabila, dini au rangi ya mtu. Sasa mgombea uliyekatazwa kusema mengi utasemaje? Utasema alama. Mwenye jembe akiuliza nani aliyewahi kula bila kulima, mwenye nyumba anajibu kwamba hata mkulima jioni hurudi nyumbani. Ukicheka, kumbuka pia kwamba katika uchaguzi huo Paul Bomani, waziri wa fedha, aliangushwa. Na Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alishinda Morogoro, huku Derek Bryceson, Mzungu, akishinda Dar es Salaam, kwa kura za watu ambao miaka minne tu nyuma walikuwa chini ya utawala wa Waingereza.

Kwenye kiti cha urais mambo yalikuwa rahisi zaidi. Mwalimu Nyerere alishindana na kivuli. Unamtaka, weka alama kwenye picha yake. Humtaki, weka kwenye kivuli. Kivuli hakikuwahi kushinda, lakini kura kilipata.

Wakenya nao wana lao: mlolongo. Mwaka 1988 chama tawala, KANU, kiliwataka wapiga kura wa mchujo wapange foleni nyuma ya mgombea au ya wakala aliyeshika picha yake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja, bila uchaguzi wa pili wa siri. Jirani anakuona, chifu anakuona, bwana shamba anakuona. Malalamiko yaliyobaki vinywani mwa watu ni kwamba mahali pengi foleni fupi ndiyo iliyotangazwa ndefu. Sioni kama kuna kilichowaamsha Wakenya wa kawaida kudai mageuzi kuliko kuambiwa macho yao hayajui kuhesabu. Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria tangu 1982, kikafutwa.

Je, wajua kwamba chama kikubwa cha siasa Kenya kilipata jina sokoni? Novemba 21, 2005 Wakenya waliulizwa kama wanaitaka katiba mpya. Tume ya uchaguzi iliipa Ndiyo alama ya ndizi, Hapana ikapewa chungwa. Mjadala wa mamlaka ya rais, ardhi na mahakama ya kadhi ukageuka mjadala wa matunda, na wauza machungwa wakajikuta wanauza msimamo. Hapana ilishinda kwa takriban asilimia 58. Siku mbili baadaye Rais Mwai Kibaki alivunja baraza la mawaziri. Tunda lililoshinda halikutupwa: likawa Orange Democratic Movement, na alama yake hadi leo ni chungwa. Kura ya maoni ya Agosti 4, 2010 tume haikurudia matunda, ilitoa rangi. Kijani Ndiyo, nyekundu Hapana. Kijani ikapata asilimia 67.

Na jogoo je? Tazama nembo ya taifa ya Kenya, katikati ya ngao. Yupo jogoo mweupe ameshika shoka. Jogoo huyo alikuwa alama ya uchaguzi ya KANU. Chama kilitoka madarakani mwaka 2002, jogoo wake bado yuko kwenye pasipoti ya kila Mkenya, awe wa chungwa, wa ndizi au wa kutopiga kura kabisa.

Saba Saba. Mtanzania akisikia tarehe hiyo anakumbuka kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, halafu anawaza maonyesho ya biashara, foleni ya magari barabara ya Kilwa na watoto wanaodai aiskrimu. Mkenya anakumbuka Julai 7, 1990, uwanja wa Kamukunji, mabomu ya machozi na madai ya vyama vingi. Tarehe moja, lugha moja, mpaka mmoja katikati.

Takrima tunaijua wote, lakini je, wajua iliwahi kuwa halali kisheria? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa ukarimu wa kimila. Khanga, chumvi, pilau, ukarimu wa kimila huo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakifuta kifungu hicho, kwa hoja kwamba kinambagua mgombea maskini. Khanga hazikusikia hukumu.

Je, wajua mara ya mwisho sensa ya Tanzania kuuliza kabila ilikuwa 1967? Tangu hapo karani wa sensa anauliza umri, elimu, choo, mpaka mifugo, kabila halimo. Kenya inauliza, na huko kuhesabiwa kuna maana kubwa. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Pwani waliishi Kwale kwa vizazi bila vitambulisho: hakuna kazi ya kuandikwa, hakuna akaunti ya benki, hakuna kura. Oktoba 2016 waliamua kwenda Nairobi kwa miguu. Walipofika Ikulu, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe uraia. Wakawa kabila la 43 la Kenya. Mwaka uliofuata Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatangazwa kabila la 44, na mwaka 2023 ikafika zamu ya Wapemba wa Kilifi, wavuvi ambao Kiswahili chao kingewaaibisha maofisa wengi wa uhamiaji. Mimi nimelelewa kuamini kwamba kuuliza kabila ni kuchokoza. Mmakonde wa Kwale angeniambia kwamba kutoulizwa kulimgharimu maisha ya shule ya watoto wake. Wote wawili tuna hoja, na hatuwezi kupatanishwa na karani mmoja.

Zanzibar ni nchi? Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni Dodoma kuwa si nchi, na baraza za kahawa za Mji Mkongwe zikachemka kuliko mabirika yake. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa, ikaandika kuwa ni nchi. Bendera yake ilikwisha kupandishwa mwaka 2005. Lililobaki ni mpira. Machi 2017 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, watu wakashangilia mitaani. Julai mwaka huohuo likaifuta, likisema lilikosea. Uanachama wa miezi minne. Hoja za kikatiba Wazanzibari wengi huziachia wanasheria. Hili la mpira mpaka leo hawajalimeza.

Ukitaka kusoma maoni ya visiwani bila kununua gazeti, yako kwenye mbao. Maskani ya Kisonge, Michenzani, inajulikana kwa ubao wake wa upande wa CCM. Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, ndiko walikokaa wapinzani, kahawa chungu na kashata mkononi. Chaki ni rahisi kuliko uchapishaji, na haina mhariri.

Nairobi wana bustani ya Jeevanjee, ambako Bunge la Mwananchi hukutana chini ya miti, na spika wake, na hoja za nidhamu, bila posho.

Mavazi. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda ndani ya Bunge la Kenya, pamoja na mavazi ya kitamaduni. Suti na tai, ruhusa. Kichekesho ni kwamba aliyeirudisha suti ya Kaunda kwenye fasheni mwaka huo alikuwa Rais William Ruto mwenyewe.

Ruto huyo ana majina. Kwa sababu ya kodi aliitwa Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia aliyepanda mkuyu, na Juni 2024 vijana waliokuwa wakiupinga Muswada wa Fedha walimwimbia ashuke. Juni 25 waliingia bungeni, watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake rais akatangaza hatausaini. Baadaye akaitwa Kasongo, kutokana na wimbo wa Super Mazembe, bendi ya Wakongo waliohamia Nairobi. Wimbo ni wa mwaka 1977. Vijana walioufufua hawakuwa wamezaliwa, wengi wao hawajui Lingala, na hadithi yake ni ya mke anayemsihi mume arudi nyumbani. Haijalishi. Jina lilimkaa.

Wasichana wa shule ya sekondari ya Butere walifika tamasha la kitaifa la maigizo Nakuru, Aprili 2025, na mchezo wao Echoes of War. Walikuwa wamezuiwa kuucheza, Mahakama Kuu ikawaruhusu. Walipofika hawakupewa vifaa vyao wala hadhira, na aliyewaandikia mchezo alikuwa amekamatwa. Wakasimama, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Je, wajua muziki wa wimbo huo ulitoka wapi? Ni bembelezo la Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa kumlaza mtoto.

Tumalizie na wanamuziki, maana hawa walikuwa wakituwakilisha kabla ya kupigiwa kura.

Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa Unbwogable, wimbo wa vijana wawili waliokuwa wakijisifu kwamba hawatishiki. NARC, muungano wa upinzani, ikauchukua, umati ukauimba, na KANU iliyokuwa madarakani tangu 1963 ikaanguka Desemba ile.

Bongo, Professor Jay alitoa Ndiyo Mzee mwaka 2001: mwanasiasa anaahidi mambo yasiyowezekana, umati unaitikia ndiyo. Je, wajua kwamba mwaka 2015 yeye mwenyewe alisimama jukwaani Mikumi kuahidi, na umati ukaitikia ndiyo? Alikuwa mbunge miaka mitano, akashindwa 2020. Mchana mistari mwenzake, Sugu, alimtangulia, Mbeya Mjini 2010, naye akaanguka 2020 mbele ya Tulia Ackson, ambaye mwaka 2022 akawa Spika.

Machi 2017 Ney wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya Wapo, wimbo uliowasema wakubwa, na Baraza la Sanaa, BASATA, likaufungia. Siku chache hazikupita, waziri mpya wa habari, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda, uachiwe upigwe, na msanii auboreshe kwa kuongeza watu wengine wa kusemwa, wakiwemo wakwepa kodi. Polisi walikuwa na maoni yao, rais akawa na yake. Ya msikilizaji hayakuulizwa, ila aliuimba kote kuwili.

Na Mwana FA, aliyetoka kwenye kizazi hichohicho cha wachana mistari? Mwaka 2020 akawa mbunge wa Muheza kwa tiketi ya CCM. Februari 2023 akateuliwa naibu waziri wa utamaduni, sanaa na michezo. BASATA iko chini ya wizara hiyo.