Hamamu ya Spirited Away haiko Taiwan

"Kaka, nimetenga siku mbili Taiwan nikaone hamamu ya ile anime ya Spirited Away, halafu ndiyo niende Tokyo. Zinatosha?" Ninapanga safari za Japani, na swali hili nimechoka kulijibu kwa upole. Futa Taiwan kwenye ratiba hiyo. Hamamu unayoitafuta haiko huko.

Uvumi kwamba iko Taiwan unahusu Jiufen, mji wa mlimani kaskazini mwa Taiwan, wenye vichochoro vya ngazi, nyumba za chai na fanusi nyekundu. Usiku jengo moja la chai likiwaka taa zote, aliyeipenda filamu anaona anachotaka kuona. Mawakala wakalivalia njuga, maduka yakauza vinyago vya Kaonashi, yule mzimu wa kwenye filamu, uvumi ukaota mizizi. Lakini Miyazaki Hayao, aliyeiandika na kuiongoza filamu hiyo ya mwaka 2001, aliulizwa na televisheni ya Taiwan yenyewe, akakana. Mwenye kazi kakataa. Tunabishana nini tena?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Jiufen ina habari zake. Ulikuwa mji wa machimbo ya dhahabu enzi za utawala wa Wajapani. Dhahabu ilipokwisha ukadorora, hadi Hou Hsiao-hsien alipopiga huko filamu ya A City of Sadness, kuhusu familia moja katika kipindi cha mauaji ya raia nchini Taiwan mwaka 1947. Ilitwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 1989, na wageni wakaanza kuukumbuka mji. Anayefika Jiufen akaondoka na picha ya nyumba ya chai tu, asijue lolote kati ya haya, amewakosea wenyeji.

Sasa njoo Koganei, magharibi mwa Tokyo, jirani na Ghibli, studio iliyotengeneza Spirited Away. Kuna makumbusho ya wazi ya majengo ya zamani, Edo-Tokyo Open Air Architectural Museum, na Miyazaki alikuwa akienda kutembea pale. Ingia duka la vifaa vya kuandikia la Takei Sanshodo. Ukuta mzima ni droo ndogo za mbao, safu juu ya safu hadi karibu na dari. Hapo ndipo unapomwelewa Kamaji, yule mzee wa kwenye filamu mwenye mikono sita, akivuta droo za mitishamba kwenye chumba cha tanuri. Mtaa huohuo kuna Kodakara-yu, hamamu ya mwaka 1929. Nyingine inayohusishwa na filamu hiyo ni Dogo Onsen ya Matsuyama, jengo la mwaka 1894 ambamo watu bado wanaoga.

Hata hivyo, usiende ukidai kuonyeshwa nyumba ya Yubaba, mwenye hamamu kwenye filamu. Haipo popote. Wachoraji walichukua paa huku, droo kule, wakajenga yao.

Ukitaka mahali palipochorwa kwenye anime karibu kama palivyo, pako pengi. Your Name (2016): ngazi za hekalu la Suga, Yotsuya, Tokyo. Slam Dunk: makutano ya reli na barabara kando ya stesheni ya Kamakura-Koko-Mae; usisimame barabarani, wala usiingie kwenye viwanja vya watu, maana wakazi wamechoshwa na wapiga picha. Love Live! Sunshine!!: Numazu. Girls und Panzer: Oarai. K-On!: shule ya zamani ya Toyosato, mkoani Shiga. Kwa anime nyingine, tazama majina yanayopita mwishoni; mji uliosaidia mara nyingi hushukuriwa pale kwa Kijapani. Nakili herufi hizo uzitafute.

Kama bado unataka Jiufen kwa ajili ya Jiufen, nenda kwa moyo mmoja, ila viza ya Japani haikuingizi Taiwan. Omba ya pili mapema. Kwenda Koganei, panda treni ya reli ya Chuo kutoka Shinjuku hadi Musashi-Koganei, kisha basi. Usiende Jumatatu, kwa kawaida makumbusho hufungwa.