Kupima Athari ya Utafiti: Mfano wa Lugha za Garissa na Mto Tana

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi athari ya mtafiti inavyopimwa siku hizi, na kuonyesha mahali ambapo kipimo hicho hupwaya kinapotumiwa kwa wanaisimu wa lugha za Kiafrika.

Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Marekani alianza kutoa faharasa ya sayansi iliyoonyesha nani kamtaja nani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kiitwacho h. Mtafiti hupata h ya 10 iwapo maandishi yake 10 yametajwa na wengine, kila moja mara 10 au zaidi. Kipimo hiki ni chepesi kukokotoa, na kwa hiyo kimependwa.

Na tuchukue mfano wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Mwaka 1978 Bernd Heine alionyesha kwamba Kisomali, Kirendille na Kiaweer cha misitu ya Garissa na Lamu, ambacho vitabuni huitwa Kiboni, vina asili moja. Mwaka 2000 Derek Nurse alieleza kitabuni jinsi Kiilwana, lugha ya Kibantu ya bonde la Mto Tana, kilivyobadilika kwa kuishi jirani na Kiorma. Kazi za namna hii hudai kukaa na wasemaji kwa muda mrefu, na aghalabu matunda yake ni kitabu kimoja. Hapo ndipo penye kasoro: kitabu kimoja, hata kikitajwa mara 500, huongeza h kwa 1 tu, mwenye makala mafupi 10, yaliyotajwa mara 10 kila moja, hupata 10.

Kasoro ya pili ni kwamba huhesabiwa wasomi tu. Endapo mwalimu wa Ijara atatumia orodha ya maneno ya Kiaweer kuandalia watoto masomo, kipimo hakitamwona.

Tamko la Leiden la 2015 lilihimiza kwamba hesabu zisaidie uamuzi wa wajuzi, zisichukue nafasi yake, na kwamba utafiti unaohusu mahali maalumu ulindwe. Yafaa basi idara zetu, zinapopandisha vyeo, ziisome kazi yenyewe na kuuliza imewapa nini wasemaji. La sivyo, mhadhiri kijana wa Garissa atashauriwa kukiacha Kiaweer, ilhali wasemaji wake ni wachache na hakina wakati wa kungoja.