Kutafuta Nafasi ya Udaktari Katika Nchi ya Uswidi

Mara nyingi wenzangu tuliosoma pamoja katika skuli hii huniuliza, "Je, mtu asiye na fedha atapataje nafasi ya kusomea udaktari Ulaya?" Sisemi juu ya udaktari wa kutibu wagonjwa, bali ile shahada ya juu kabisa ya utafiti. Nitaeleza habari za nchi moja tu, Uswidi, kwa sababu desturi yake si kama wengi wetu tunavyodhani.

Katika vyuo vikuu vya huko, kama Uppsala kilichoanzishwa mwaka 1477, na Lund cha mwaka 1666, nafasi ya udaktari kwa kawaida ni kazi. Mwanafunzi huandikwa na chuo kama mtumishi, hupata mshahara kila mwezi, wala halipi ada ya masomo. Masomo yenyewe ni ya miaka 4. Akipewa na kazi ya kufundisha, haizidi sehemu moja katika tano ya saa zake, na muda wake huweza kuongezwa mpaka miaka 5.

Basi, kwa kuwa ni kazi, huombwa kama kazi. Hapa ndipo wengi tunapopotea. Mimi mwenyewe, mwaka wa kwanza wa kutafuta, niliandika barua moja tu, nikaituma kwa walimu wengi. Nilieleza umaskini wa nyumbani na hamu yangu ya elimu. Hakuna hata mmoja aliyejibu, nami nikanung'unika. Baadaye nilitambua ya kuwa kosa lilikuwa langu. Wao walitaka mtu wa kufanya kazi fulani, nami sikuwaambia naweza kufanya nini.

Yafaa kufuata njia hii. Kwanza, tafuta matangazo ya kazi ambayo kila chuo huyatoa kwenye intaneti. Tangazo hutaja utafiti wenyewe, sifa zinazotakiwa, na siku ya mwisho ya kupokea maombi. Pili, jipime. Kwa kawaida hutakiwa shahada ya pili, au angalau miaka 4 ya chuo kikuu, mmoja wake ukiwa wa masomo ya ngazi ya juu. Tatu, soma maandishi ya mwalimu anayesimamia utafiti huo, halafu mwulize swali moja au mawili yenye maana. Nne, andika barua mpya kwa kila nafasi: umefanya utafiti gani, umejifunza nini, na kwa nini kazi hii yakufaa. Tia pamoja nayo nakala za vyeti na alama zako, na majina ya walimu wanaokujua vyema.

Tena, jihadhari na mtu asemaye kwamba atakuuzia nafasi. Nafasi hizo haziuzwi, hushindaniwa.

Mwishoni mwa masomo, katika vyuo kadhaa vya huko, mwanafunzi huchukua nyundo na msumari akapigilia kitabu chake ubaoni, ili kila mtu akisome kabla ya siku ya kukitetea hadharani. Ninyi mlio bado skulini, anzeni sasa: andikeni vizuri majaribio yenu ya sayansi, na tunzeni vyeti vyenu. Haba na haba hujaza kibaba.