Programu ya Kutazamia Picha na Msomaji wa Katuni

Kisangani ni mji alikozaliwa mchoraji Barly Baruti mwaka 1959, tena ni mji ambamo Kiswahili na Kilingala hukutana. Si ajabu basi mwanafunzi wa lugha wa huko akitaka kuchunguza Kiswahili cha katuni, ambacho hukaribia sana usemi wa watu. Lakini Juha Kalulu ya Edward Gitau ilitoka katika gazeti la Taifa Leo, Nairobi, na Sani ni gazeti la Tanzania. Karatasi zenyewe ziko mbali. Atakachopata mchunguzi, akibahatika, ni nakala za picha katika kompyuta. Makala haya yaeleza namna ya kuchagua programu ya kuzitazamia, kwa kuwa programu isiyofaa huweza kuharibu matini yenyewe.

Tuchukue mfano. Ukurasa wa A4 uliopigwa skana kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu. Skrini ya kompyuta ya bei nafuu aghalabu ina 1366 kwa 768. Programu ikiuonyesha ukurasa mzima kwa mara moja, herufi yenye kimo cha milimita 3, iliyokuwa na nukta 35, hubaki na nukta 8 tu. Kitakachotoweka kwanza ni ritifaa. Hapo NG'OA, yaani kuondoa kitu kilichoshika, husomeka NGOA. Nayo ngoa ni tamaa au wivu. Msomaji wa kawaida ataokolewa na muktadha. Anayenakili maneno kwa ajili ya tasnifu, naye anatafuta hasa tahajia zisizo sanifu, hana wa kumwokoa. Ukurasa uo huo ukienezwa kwa upana wa skrini, herufi hupata nukta 19 hivi, na ritifaa huonekana.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ni kueneza ukurasa kwa upana. Ya pili ni namna ya kupunguza picha: programu nyingine huruka nukta kadhaa, na mistari myembamba hukatika, nyingine huchanganya nukta jirani, na herufi hubaki laini. IrfanView, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, humwachia mtumiaji uchaguzi huo.

Majina CBZ na CBR huwatisha wengi bila sababu. CBZ ni mafaili ya picha yaliyofungwa pamoja kwa zip. CBR yamefungwa kwa RAR. Yote mawili hufunguliwa na SumatraPDF, Okular na YACReader, bila malipo na bila intaneti. SumatraPDF huweza hata kubebwa katika kidude cha USB na kutumika pasipo kusakinishwa, jambo lifaalo sana pale ambapo kompyuta ni ya watu wengi.

Tahadhari na mpangilio wa kurasa. Baadhi ya programu husoma majina ya mafaili kwa alfabeti, ukurasa wa 10 ukatangulia wa 2. Yafaa kuyaita 001, 002, na kuendelea. Majina hayo hufaa pia katika kunukuu.

Lakini ritifaa iliyokwisha kufutwa na skana, au na ubanaji wa JPEG, hairudishwi na programu yoyote. Hapo hapana budi kumwandikia mwenye karatasi.