Mkaguzi Anapokuwa Mwenza wa Mwajiri

Asubuhi ya Septemba 3, 1991, bomba la mafuta ya haidroliki lilichomoka karibu na karai kubwa la kukaangia kuku katika kiwanda cha Imperial Food Products, mjini Hamlet, jimbo la North Carolina nchini Marekani. Mafuta yakarukia moto wa gesi, na moshi mzito ukatanda kiwanda kizima. Wafanyakazi walikimbilia milango, baadhi wakaikuta imefungwa. Uongozi uliifunga, kwa sehemu kwa kuhofia kwamba watu wangetoka na kuku. Walikufa watu 25, wengi wao wanawake. Mmiliki alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia na kuhukumiwa kifungo cha karibu miaka 20, ingawa alitumikia sehemu ndogo tu.

Kwa miaka 11 kiwanda hicho kilikuwa kikifanya kazi bila mkaguzi wa usalama kukanyaga hata mara moja. Lakini mlango uliofungwa hauhitaji mtaalamu kuuona. Watu wa zamu walikuwa wakipita mbele yake. Waliojua hatari hawakuwa na wa kumwambia, na aliyekuwa na mamlaka ya kuamuru ufunguliwe hakufika.

Pengo hilo kati ya anayejua na anayeweza kuamuru ndilo linalozisumbua ofisi za usalama kazini duniani kote. Marekani ilipata sheria yake ya usalama na afya mahali pa kazi Desemba 29, 1970, iliposainiwa na Rais Richard Nixon, na mwaka uliofuata wakala wa kuisimamia, OSHA, ukaanza kazi. Tangu hapo idadi ya wakaguzi haijawahi kukaribia idadi ya sehemu za kazi. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la nchi hiyo, AFL-CIO, hupiga hesabu kila mwaka, na hesabu za karibuni zinaonyesha kwamba wakaguzi wa serikali kuu wangehitaji zaidi ya miaka 150 kukitembelea kila kituo kilicho chini yao mara moja tu.

Jibu lililozua mjadala mkubwa kuliko yote lilitoka Maine.

Maine ni jimbo la kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, lenye misitu, viwanda vya karatasi na karakana za kuunda meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa miongoni mwa majimbo yenye rekodi mbaya kabisa ya kuumia kazini. Kilichowakera maofisa ni kwamba ofisi ya OSHA huko haikuwa imelala. Ilisifika kwa kuandika makosa na kutoza faini kwa wingi. Faini zilipanda, na watu waliendelea kukatika vidole na kuvunjika migongo.

Mwaka 1993 ofisi hiyo ikafanya jambo rahisi. Ilichukua kumbukumbu za madai ya fidia ya wafanyakazi na kuchambua waajiri 200 waliokuwa na madai mengi zaidi. Hao walikuwa takriban asilimia 1 tu ya waajiri wa jimbo, lakini waliajiri karibu asilimia 30 ya wafanyakazi, na kwao ndiko kulikotokea takriban asilimia 45 ya majeraha, magonjwa na vifo vya kazini. Kila mmoja akapelekewa barua yenye njia mbili za kuchagua. Ya kwanza: kagua mwenyewe sehemu zako zote za kazi, ukiwashirikisha wafanyakazi, orodhesha hatari, andaa mpango wa kuzirekebisha, lete taarifa za maendeleo, nasi tutakuja kuhakiki. Ya pili: baki na utaratibu wa zamani, ila jina lako litapanda juu kabisa katika orodha ya watakaokaguliwa.

Waajiri wawili tu ndio waliokataa ushirikiano.

Kampuni hizo 200 zilikuwa na sehemu za kazi zipatazo 1,300. Katika muda usiofika miaka miwili zilibaini zenyewe hatari zaidi ya 95,000, na zaidi ya nusu zikawa zimerekebishwa. OSHA ilikadiria kwamba hiyo ilikuwa mara 14 ya hatari ambazo wakaguzi wake wangeweza kuziandikia makosa. Karibu waajiri sita kati ya kila kumi walipunguza viwango vya watu kuumia.

Kwa nini macho ya ndani yalizidi ya mkaguzi kiasi hicho? Utaratibu mmoja wa viwandani unatosha kulieleza. Karatasi ikikwama katikati ya rola za mashine, fundi hupaswa kuzima swichi kuu, kuifunga kwa kufuli lake mwenyewe lenye jina lake, kutia ufunguo mfukoni mwake, kutoa presha iliyobaki kwenye mabomba, kisha kubonyeza kitufe cha kuwashia ili ahakikishe mashine imekufa kweli. Ndipo aingize mkono. Mafundi wakiwa watano, makufuli huwa matano, na mashine haiwaki hadi la mwisho litolewe na mwenyewe. OSHA iliweka kanuni hiyo mwaka 1989, na inakadiria kwamba huzuia vifo 120 na majeraha 50,000 kwa mwaka.

Mkaguzi akija saa nne asubuhi atayakuta makufuli yametundikwa ubaoni, mekundu, safi, kila moja na lebo yake. Ataona pia cheti cha mafunzo ukutani. Asichoweza kukiona ni saa tisa usiku, oda imechelewa, na msimamizi anasema kukwamua ni kazi ya dakika moja, kufuli la nini. Hilo analijua jirani wa fundi kwenye mashine. Kwa sababu hiyo, mwajiri anayejikagua kwa kumtuma meneja azunguke na karatasi atapata orodha fupi. Anayewauliza wenye zamu, na kuwahakikishia kwamba kusema hakutawagharimu kazi, atapata orodha ndefu ya kutisha. Orodha hiyo ndefu ndiyo faida yenyewe ya ushirikiano.

Lakini Maine ilikuwa na kitu cha pili ambacho wapenzi wa ushirikiano hupenda kukisahau: ukaguzi uliokuwa ukimsubiri aliyekataa. Kilipodhoofika, mambo yalikwenda vingine. Mwishoni mwa 1997 OSHA ilitaka kueneza mfumo huo nchi nzima, kwa kampuni zipatazo 12,500 zenye viwango vikubwa vya majeraha. Ambaye angejiunga angepunguziwa uwezekano wa kukaguliwa kwa asilimia 70 hadi 90. Chama cha Wafanyabiashara cha Marekani kilikwenda mahakamani, na Aprili 1999 Mahakama ya Rufaa ya Washington ikaubatilisha mpango huo. Ilisema kwamba kumpa mtu hiari huku umemshikia ukaguzi ni sawa na kumwekea kanuni, na kanuni haitungwi bila kwanza kutangazwa na kupokea maoni ya umma. Kwa mantiki ya sheria hoja hiyo ni nzito. Kwa mfanyakazi, ilikuwa hasara.

Uliobaki na nguvu ni mpango wa hiari kamili, ulioanzishwa tangu 1982 na unaojulikana kwa kifupi cha VPP. Kampuni huomba yenyewe, huonyesha kwamba majeraha yake yako chini ya wastani wa sekta yake, na ikikubaliwa hupata bendera ya kupeperusha getini na kuondolewa kwenye ukaguzi wa ratiba. Zipo kampuni zilizoistahili bendera hiyo kwa kazi ya kweli ya miaka mingi. Hata hivyo, Mei 2009 ofisi ya ukaguzi wa hesabu ya Bunge la Marekani, GAO, iliripoti kwamba baadhi ya vituo vilibaki na hadhi hiyo hata baada ya wafanyakazi kufa humo na kasoro kubwa za usalama kubainika. Isitoshe, sifa inayotegemea uchache wa majeraha yaliyoandikwa inampa meneja sababu ya kutaka majeraha yasiandikwe. Aliyeumia mkono anaweza kuletwa akae ofisini kutwa nzima ili siku yake isihesabiwe kuwa imepotea.

Afrika Mashariki nayo imechagua njia inayofanana, kwa sheria badala ya bendera. Tanzania ilianzisha wakala wake, nao ukiitwa OSHA, mwaka 2001, na sheria ya 2003 ikamtwika mwajiri wajibu wa kusajili sehemu ya kazi na kuziangalia hatari zake. Kenya, kwa sheria yake ya 2007, ilikwenda mbali zaidi kwa maandishi: penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa pande zote mbili, na walau kila miezi 12 mwajiri alete mshauri aliyeidhinishwa kukagua sehemu nzima, ripoti ifike kwa mkurugenzi wa idara.

Mshauri huyo analipwa na mwajiri. Si lazima apotoshwe na hilo, lakini anajua nani atamwita tena mwakani. Kinachoweza kumsahihisha ni kamati, ikiwa wajumbe wa wafanyakazi wamechaguliwa na wenzao na si kuteuliwa na ofisi ya rasilimali watu, na ikiwa mihtasari ya vikao inaeleza jambo zaidi ya mahudhurio na chai.

Wakaguzi wachache waliopo Nairobi, Mwanza au Mombasa hawawezi kuipekua kila karakana. Wanaweza, hata hivyo, kufika bila taarifa kwa waajiri walioongoza kwa madai ya fidia mwaka uliopita, kama walivyochambua wenzao wa Maine, wakiwa na ripoti ya mshauri mkono mmoja na mihtasari ya kamati mkono mwingine. Kisha waombe kuongea na mjumbe wa wafanyakazi pembeni, meneja akiwa hayupo, na wamuulize ni hatari zipi walizitaja wao wenyewe mwaka huu, na kila moja ilirekebishwa tarehe gani.