Kadi ya wifi kwa Linux: chipu kwanza, jina la kartoni nyuma

Katika Lubumbashi, ordinatere nyingi za mezani zinafika mkono wa pili, na mara mingi hazina wifi ndani. Mwenye kufanya fotokopi pale Katuba, ao mwanafunzi wa UNILU, anaweka Linux sababu ni ya bure na haichoshe mashini ya zamani. Kisha anaenda mujini kununua kadi ya wifi. Anaifunga, anawasha, hakuna kitu. Muuzaji naye anasema kartoni ikishafunguliwa, hairudishwe.

Kadi yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Kinachokosekana ni piloti, ile programu ndogo yenye kuiwezesha Linux kuongea na kadi. Piloti zingine ziko tayari ndani ya kiini cha Linux. Zingine lazima kuzitafuta kwenye intaneti na kuzitengeneza, na siku kiini kinabadilishwa na kipya, kazi inaweza kuanza tena. Sasa intaneti itatoka wapi, kama kadi ndiyo ilikuwa iilete? Kwa mtu anayehesabu mega za telefone, hiyo si mchezo.

Jina kubwa juu ya kartoni halisaidie sana. TL-WN722N ya TP-Link, ile ya kuchomeka kwenye USB, toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, yenye Linux inajua vizuri. Toleo la pili likatoka na chipu ya Realtek, na jina likabaki lile lile. Namba ya toleo iko kwenye karatasi ndogo nyuma ya kifaa; hiyo njo ya kusoma.

Kwa kadi ya kufunga ndani, Intel AX200 (kuanzia kiini 5.1) na AX210 (kuanzia 5.10) ni chaguo la kutuliza roho. Lakini AX201 na AX211, zinazofanana nazo kwa jina, zinakubali tu mashini fulani za Intel zilizotengenezwa kwa ajili yake. MediaTek MT7921 iko ndani tangu 5.12. Mwenye pesa kidogo anaweza kutafuta Atheros ya zamani kama AR9287: inashika 2.4 GHz tu, lakini haiombe faili lolote la ziada, na kwa wifi ya kugawa kutoka telefone inatosha. Realtek si zote mbaya siku hizi. Zile za USB zenye chipu RTL8812AU njo zilitesa watu kwa miaka. Broadcom, afazali kuiacha.

Kifaa cha USB kinaweza kujaribiwa palepale dukani. Mnunuzi anakuja na flashi yenye Linux, anaiwasha juu ya laptopu, anachomeka kifaa na kuandika lsusb. Kwa kadi ya ndani, iliyo tayari kwenye mashini, ni lspci -nn. Zote mbili zinatoa namba ya chipu. AX210, kwa mfano, ni 8086:2725. Muuzaji akikataa kujaribu, aandike basi kwenye risiti kwamba atabadilisha.

Na yule alishanunua vibaya? Telefone ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuwekwa kugawa intaneti, kwa kawaida Linux inaiona kama mtandao wa waya, bila kuongeza kitu. Kwa njia hiyo piloti inaweza kushushwa. Anayeweka Debian achukue toleo la 12, la Juni 2023, ao jipya zaidi: faili nyingi za ziada za kadi ziko tayari ndani.

Inabaki antena. Sanduku la chuma chini ya meza, antena zikiangalia ukuta wa matofali, linaua wifi hata kama kadi ni ya bei kali. Zile antena zenye waya, za kuweka juu ya meza, zinafaa zaidi.